Maisha ya Abu Rayhan al-Biruni, Aliyeitafuta Kibla kwa Pembetatu

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, si siku nyingi zilizopita tulikuwa Nairobi. Ijumaa tulisali katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa katikati ya mji baina ya 1925 na 1933, na jioni yake tukaalikwa na jamaa wa pwani wanaokaa upande wa magharibi wa mji, huko Kawangware. Jua lilipotua, mikeka ikatandikwa uani, na papo hapo yakazuka maneno juu ya kibla. Mzee mmoja wa Mombasa alitaka tuelekee kaskazini sawasawa, kwa kuwa ndivyo alivyozoea tangu utotoni. Mzee wa pili, mtu wa Lamu, akasema kwao huelekea kaskazini kisha wakapinda kidogo kushoto. Mwenye nyumba akasema kuwa yeye hapo kwake hupinda kidogo kulia.

Alikuwapo kijana mmoja wa skuli. Akatoa karatasi, akatia nukta tatu, akaziunga kwa mistari, akataka kusema neno. Mjomba wake akamkemea, akamwambia kuwa hayo ni mambo ya skuli, yamekuja na Wazungu, wala hayana mahali pake katika ibada. Kijana akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akanyamaza. Tukasali. Lakini kule kunyamaza kwake kulituuma, na ndiko kulikotufanya tuandike haya. Kwani lile umbo alilolichora, pembetatu, lilikuwa mikononi mwa wanazuoni wa Kiislamu kwa ajili ya kibla hii hii karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufungua skuli katika nchi zetu. Basi na tueleze maisha ya mmoja wao.

Jina lake ni Muhammad bin Ahmad, na kuniya yake ni Abu Rayhan. Amezaliwa katika mwezi wa Mfungo Tatu mwaka 362 wa Hijra, nao ni Septemba 973 wa Miladi, nje ya mji wa Kath katika nchi ya Khwarazm, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Uzbekistan. Neno birun kwa lugha ya Kiajemi ni nje, ndipo akaitwa al-Biruni, yaani mtu wa nje ya mji. Hakuwa mwana wa mfalme wala wa tajiri. Lakini alijaaliwa kupata ustadhi mwema, naye ni Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa nyumba ya watawala wa Khwarazm na bingwa wa hisabu. Abu Nasr alimsomesha kitabu cha Euclid, Mgiriki, ambacho Waislamu walikuwa wamekwisha kukigeuza kwa Kiarabu tangu siku za Makhalifa wa Baghdad.

Yafaa msomaji ajue alichojifunza kijana huyo, maana ndicho wanachojifunza watoto wetu leo. Pembetatu ni umbo lililozungukwa na mistari mitatu iliyonyoka. Ukiitazama kwa mbavu zake, huwa ni namna tatu: ile yenye mbavu zote tatu sawa, ile yenye mbavu mbili sawa na wa tatu mbali, na ile ambayo kila ubavu una kipimo chake. Ukiitazama kwa pembe zake, huwa pia ni namna tatu: ile yenye pembe mraba, yaani pembe ya nyuzi 90 kama ya ukuta na sakafu, ile yenye pembe butu, iliyopindukia nyuzi 90, na ile ambayo pembe zake zote ni kali, yaani kila moja ni chini ya 90. Na pembetatu yoyote utakayoichora juu ya karatasi, ndogo au kubwa, ukikusanya pembe zake tatu utapata nyuzi 180, hazizidi wala hazipungui. Ubavu mrefu daima hukaa mbele ya pembe kubwa. Mbavu mbili zikiunganishwa daima huushinda wa tatu. Na katika ile yenye pembe mraba, miraba ya mbavu mbili fupi ikijumlishwa huwa sawa na mraba wa ubavu mrefu. Mafundi wetu wa kujenga huyajua haya kwa mikono yao: hupima 3 upande huu, 4 upande huu, na kamba ya kukingama ikitoka 5 hujua kuwa pembe ya nyumba imesimama sawa.

Hayo ndiyo aliyoyapata Abu Rayhan kwa ustadhi wake, naye hakuyaacha yakakaa kitabuni. Alipokuwa na umri wa miaka kama 17 alipima urefu wa jua adhuhuri, akajua mji wake wa Kath uko umbali gani kutoka mstari wa Ikweta. Huo ulikuwa mwanzo wa kazi aliyoishikilia maisha yake yote: kuijua kila nchi iko mahali gani juu ya uso wa ardhi.

Mwaka 995 ukaja msiba. Watawala wa Kath walipinduliwa na watu wa Gurganj, na Abu Rayhan, aliyekuwa kijana wa miaka 22, akakimbia kwao. Alifika mpaka Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo, naye ni fukara hana kitu. Ameeleza mwenyewe ya kwamba huko mtu mmoja alimdharau na kuyakataa maneno yake ya ilimu kwa sababu ya ufukara wake tu, na hali yake ilipotengenea mtu yule yule akageuka kumheshimu. Twaomba wenye mali miongoni mwetu walizingatie hili, kwani hata leo neno la masikini halisikilizwi barazani mpaka apate kanzu nzuri.

Hakudumu ugenini. Mwaka 997 alikuwa Kath tena, na hapo akafanya jambo la ajabu. Alipatana kwa barua na Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanazuoni mkubwa wa hisabu aliyekuwako Baghdad, kwamba kila mmoja autazame kwake mwezi utakapopatwa, na aandike saa yake. Usiku wa tarehe 24 Mei mwezi ukapatwa. Kupatwa kulikuwa kumoja, lakini saa za miji miwili zilikhitilafiana. Na kwa tafauti ya saa wakajua tafauti ya miji katika mashariki na magharibi. Watu wawili walio mbali vile, bila ya simu wala redio, walishirikiana kwa uaminifu wa kalamu. Sisi leo tuna simu mifukoni na bado twashindwa kupatana juu ya mwezi mwandamo.

Baadaye alikaa Gurgan kwa Amiri Qabus, na huko, yapata mwaka 1000, akatunga kitabu chake kikubwa cha kwanza juu ya tarehe na miezi na sikukuu za mataifa mbalimbali. Kisha akarudi kwao Khwarazm, akawa mshauri wa mtawala. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna akaiteka Khwarazm, na Abu Rayhan pamoja na wanazuoni wengine wakachukuliwa mpaka Ghazna, katika nchi ya Afghanistan ya leo. Hakwenda kwa khiari yake. Wengi wangelia na kuvunjika moyo. Yeye mwaka uliofuata, Oktoba 1018, alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, mbali na kwao, hana chombo chochote cha kupimia. Akachukua ubao wa kufanyia hesabu, nyuma yake akachora sehemu ya duara, akaigawa nyuzi nyuzi, akaning'iniza timazi, akapima jua. Basi tusikie tena mtu akisema kuwa watoto wake hawasomi hisabu kwa kukosa vyombo!

Katika safari za Bara Hindi ndipo alipoipima dunia. Karibu na ngome ya Nandana, ambayo leo iko Pakistan, kuna mlima unaochungulia uwanda mpana uliotandazika. Kwanza, akiwa chini, aliutazama upeo wa mlima kutoka mahali pawili, akapata pembetatu mbili zenye pembe mraba, na kwa hizo akaujua urefu wa mlima bila ya kuning'iniza kamba: ni dhiraa 652 na kitu. Kisha akapanda juu, akatazama pale mbingu inapokutana na ardhi, akapima jinsi jicho linavyoinama chini ya usawa. Akaona ni dakika 34, yaani kiasi kilichopindukia kidogo nusu ya uzi mmoja. Hapo akaifikiria pembetatu moja kubwa: ncha yake moja ni jicho lake, ya pili ni pale jicho lilipogusa ardhi, na ya tatu ni kitovu cha dunia. Pembe moja ni mraba, ya pili ameipima, na tafauti ya mbavu mbili ni urefu wa mlima. Kwa kitu kidogo alichokijua akatoa kikubwa kisichopimika kwa mkono, akapata masafa kutoka kitovu cha dunia mpaka usoni pake, dhiraa 12,803,337. Wachunguzi wa zama zetu wanaona kuwa hesabu hiyo yakaribia sana kilomita 6,371 zinazojulikana leo, ijapokuwa hawakuafikiana sawasawa juu ya urefu wa dhiraa yake. Aliyesimama Kawangware na kuiona Milima ya Ngong upande wa kusini-magharibi anaweza kuupima urefu wake kwa njia ile ile ya kwanza, akiwa na kipimapembe cha skuli na kamba.

Lakini, ndugu msomaji, hakufanya haya kwa mchezo. Mwaka 416 wa Hijra, nao ni 1025, alimaliza kitabu chake cha kutafuta mipaka ya mahali, na kusudi lake kubwa humo lilikuwa kuijua kibla ya Ghazna. Alikwenda mji kwa mji, kutoka Ghazna mpaka Baghdad, kila hatua ni pembetatu, mpaka akaufikia ukweli alioutafuta. Alijitaabisha yote hayo ili watu wa mji ule, ambao yeye ndani yake ni mgeni na karibu na mateka, wapate kuuelekea Msikiti Mtakatifu kwa yakini.

Hapa kuna jambo la kufahamu. Pembetatu ya kibla haichorwi juu ya karatasi tambarare bali juu ya tufe, kwa kuwa dunia ni mviringo. Na pembetatu ya juu ya tufe ina sharia nyingine: pembe zake zikikusanywa hupindukia 180. Mtu akisimama Nanyuki, ambako Ikweta hupita, na mwengine akasimama juu ya Ikweta hiyo umbali wa robo ya mzunguko wa dunia, kisha wote wawili wakafuata kaskazini mpaka kukutana kwenye ncha ya dunia, pembetatu yao itakuwa na pembe mraba tatu, jumla yake 270! Wanazuoni wa Kiislamu wa zama hizo, akiwamo Abu Nasr ustadhi wake Abu Rayhan, na Abu al-Wafa wa Baghdad, ndio waliozipatia pembetatu hizi kanuni nyepesi ya kuunga mbavu na pembe. Kila mmoja akadai kutangulia. Abu Rayhan aliandika kitabu juu ya jambo hilo, na haki ya kutangulia akampa ustadhi wake.

Si kwamba zama zake hazikuwa na watu kama yule mjomba wa Kawangware. Katika kitabu chake cha vivuli ameeleza habari ya mtu wa dini aliyekikataa chombo cha kujulia nyakati za sala kwa sababu kilikuwa kimetumia miezi ya Warumi, akaona kuwa kukitumia ni kujifananisha na makafiri. Abu Rayhan akamrudi kwa kumwambia kuwa Warumi vile vile hula chakula na hutembea sokoni, basi na asiwaige katika hayo mawili pia. Maana yake ni wazi. Ilimu ya kweli haina kabila. Nasi Mashafii twaijua Alasiri kwa pembetatu bila ya kuhisi: siku ambayo jua limepita utosini, kama linavyopita Nairobi katika Machi na Septemba, Alasiri huingia kivuli cha mti kinapolingana na mti wenyewe, na hapo mti na kivuli na mwale wa jua huwa ni pembetatu yenye pembe mraba na mbavu mbili sawa.

Wala hakuiona ilimu hii kuwa ya wanaume peke yao. Mwaka 420 wa Hijra, 1029 wa Miladi, alitunga kitabu cha kufahamisha misingi ya nyota kwa njia ya maswali na majibu, akakitunga kwa ajili ya mwanamke, Rayhana bint al-Hasan, aliyetaka kusoma. Kitabu kile hakianzi na nyota. Chaanza na nukta na mstari na pembe na maumbo, kisha hisabu, ndipo kikapanda mbinguni. Kina pia mlango wa kupiga falaki, nao hatuusifu. Lakini mlango mmoja mbovu hauibomoi nyumba. Enyi mnaowatoa binti zenu skuli pindi wanapofika umri wa kujua kuandika jina lao, mtazameni Rayhana.

Alijifunza Kisanskriti utu uzima, akakaa na wanazuoni wa Kihindi, akaandika juu ya dini yao kwa insafu bila ya kuficha wala kuongeza, na kitabu hicho akakimaliza mwaka 1030. Akafanya pia kazi ya kuwageuzia Wahindi Euclid kwa lugha yao. Nasi watu wa pwani tuna sehemu katika kitabu hicho, kwani ametaja kuwa bandari ya Somnath ilipata umaarufu kwa vyombo vilivyokwenda na kurudi baina ya Sofala ya nchi ya Zinji na China. Bahari yetu aliijua.

Kwa Sultani Masud, mwana wa Mahmud, alitunga kitabu chake kikubwa cha falaki, al-Qanun al-Masudi. Yasimuliwa kuwa Sultani alimpelekea mzigo wa fedha uliobebwa na tembo, naye akaurudisha, akitoa udhuru kuwa hana haja nao.

Akafa Ghazna yapata mwaka 440 wa Hijra, nao ni 1048, baada ya kuandika vitabu vilivyopindukia mia. Imepokewa kuwa faqihi mmoja aliingia kumtazama naye yumo katika kukata roho. Abu Rayhan akamuuliza juu ya mas'ala moja ya mirathi, ya nyanya wa upande wa mama, waliyopata kuizungumza zamani. Faqihi akamhurumia, akaona si wakati wake. Mgonjwa akajibu kuwa kutoka duniani naye aijua mas'ala hiyo ni bora kuliko kutoka naye hajui. Akamweleza, naye akaikariri. Faqihi alipotoka, hata njiani hajafika mbali, akasikia kilio. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa turejee uani Kawangware. Nukta tatu za yule kijana zilikuwa Nairobi, Makka, na ncha ya kaskazini. Makka iko mashariki ya Nairobi kwa nyuzi 3, na hiyo ndiyo pembe iliyoko kwenye ncha. Ubavu wa Nairobi mpaka ncha ni nyuzi 91 na kitu. Wa Makka mpaka ncha ni 68 na nusu na kitu kidogo. Mbavu mbili na pembe iliyo baina yao zikijulikana, pembetatu nzima imejulikana. Pembe ya Nairobi, ambayo ndiyo kibla, hutoka nyuzi 7 na kitu kulia ya kaskazini, na pembe ya Makka ni butu, kama 172. Zikusanye zote tatu, utapata 182 na nusu hivi, ndiyo ada ya pembetatu ya juu ya tufe. Kwa msala wa sentimita 120 ulioelekezwa kaskazini, kichwa chake kisogezwe kulia kiasi cha sentimita 15. Ni kidogo machoni, lakini anayeelekea kaskazini sawasawa akiwa Nairobi, mstari wake huipita Makka kwa mbali kiasi cha kilomita 300, huko ng'ambo ya Bahari ya Sham.

Na wale wazee? Wote walisema kweli ya miji yao. Mombasa na Makka zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hata pembetatu yao ni nyembamba mno na kibla yao ni kaskazini, haikupinda hata uzi mmoja. Lamu iko mashariki ya Makka kidogo, basi watu wake hupinda kushoto nyuzi mbili na nusu hivi. Mwenye nyumba alikuwa mjini kwake. Kosa lilikuwa kuichukua kibla ya mji mmoja na kuihamishia mji mwengine kwa mazoea, kisha kumnyamazisha aliyekuja na hoja.

Asiyetuamini, asubiri tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, au tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27. Baadhi ya miaka hutangulia siku moja. Saa hizo jua huwa juu ya Makka utosini, na saa yao na yetu ni moja. Asimamishe kijiti katika uwanja ulio sawa. Kivuli kitaikimbia kibla, na upande wa pili wake ndiko Makka iliko.

Hatukuandika haya ili kumtia mtu wasiwasi juu ya sala zilizopita, kwani aliyejitahidi amejitahidi. Tumeyaandika kwa ajili ya karatasi iliyokunjwa. Tumekwisha kumpelekea salamu mjomba yule, tumemwomba amwambie mpwawe aikunjue.

Wa billahi t-tawfiq.